Mrembo Asiye na Kichwa

Dada yangu mkubwa ni fundi cherehani. Mtaa mzima unamwita Sindano, maana hata akikusalimia anachoma. Magauni anashona yeye, ila mrembo ni mimi. Msicheke! Gauni likiisha ananivalisha, ananipiga picha ukutani, halafu anakata kichwa ili ndevu zisifukuze wateja. Picha inaingia kwenye tovuti yake. Shule niliiacha mapema, lakini kiuno hiki hakifundishwi darasani.

Basi tovuti ikaanza kuzimika. Mwezi haujafika kati, bando la tovuti limekwisha, wateja wanafungua hawaoni kitu. Dada akampigia jamaa anayemkodishia nafasi mtandaoni.

"Fundi, picha zako zinatazamwa mno."

"Na nani? Mbona mimi nakaa na nzi?"

"Lile duka kubwa la barabara kuu. Hawakuzinakili hata. Ukurasa wao unazichota kwako. Mtu akifungua kwao, bando linakatwa kwako."

Yaani taa inawaka kwao, umeme wetu!

Dada akanunua bando jingine huku anasonya. Keshoye akaingia mwenyekiti wa kwaya, anatafuta fundi wa kushonea kwaya nzima. Kazi ya kumtoa dada kwenye kibaraza cha kuazima na kumpa chumba chake.

"Mwanangu, kazi yako nzuri," mama yule akasema, "ila pale duka kubwa tumeona nzuri zaidi." Akatuonyesha simu yake. Nani huyo ndani ya gauni la buluu, hana kichwa? Mimi!

"Mama, hilo nimeshona mimi," dada akasema.

"Kila fundi husema hivyo."

"Na aliyevaa ni mimi!" nikadakia.

Akanipima toka juu mpaka chini. "Wewe? Na kiuno hicho?"

"Mama, ninyime vyote, kiuno changu niachie."

Dada hakubishana. Alishika simu yake, akaingia kwenye tovuti, akaitoa picha iliyokatwa na kuweka ile nzima, kwa jina lilelile ambalo duka kubwa wanalichota.

"Mama, fungua upya huo ukurasa wao."

Akafungua. Katikati ya duka kubwa nimesimama mimi na buluu yangu, ndevu zote, ulimi nje, na nyuma yangu cherehani hii hii na ukuta huu huu uliobanduka rangi. Mama akatazama simu, akatazama ukuta, akanitazama. Alicheka mpaka akashika meza.

"Kumbe wanatuuzia ndevu! Haya Sindano, toa futi upime."

Hajamaliza kupimwa, mwenye duka akapiga simu, anafoka. "Mtoe huyo mtu kwenye tovuti yetu!"

"Tovuti si yako, kaka? Mtoe mwenyewe."

Baada ya hapo dada akaweka amri kwenye tovuti: picha zisitoke ila kwa anayefungua ukurasa wetu. Mara ya kwanza alikosea akajizuia hata yeye, kama mtu aliyefunga mlango funguo zikabaki ndani. Nilimcheka, akanitupia futi. Alivyorekebisha, kwetu magauni yakarudi yote. Kule duka kubwa? Viboksi vitupu, vimepangana kama meno ya kibogoyo.

Kwaya ilivaa, ikapendeza. Dada sasa ana chumba chake, na mlangoni ametundika ile picha yangu ya buluu. Alitaka akate kichwa tena. Wateja wakamkatalia.