Miche ya Enoka

Siku hizi pale Ihanda mtu akipata mche bora huuzungushia seng'enge na kufunga mbwa langoni, lakini zamani za Mwingereza, kahawa ilipokuwa bado ngeni Mbozi, Enoka alipewa miche mia mbili na serikali akaigawa kabla jua halijazama.

Fanueli, karani wa kilimo aliyemletea miche hiyo, aliporudi kukagua alikuta minne tu, na mashimo matupu.

"Baba Tumpe, mingine imeliwa na mbuzi?"

"Imeliwa na majirani," Enoka akacheka. "Kila nyumba ina yake. Ulitaka nipande peke yangu kama mchawi?"

Fanueli hakucheka. Amri ilisema miche ni ya mkulima mmoja wa mfano, ili wengine wamwonee wivu wafanye bidii. Aliyeipoteza alifungwa, na bwana mkubwa wa kilimo alikuwa anakuja kesho yake kuihesabu. Alimweleza Enoka hayo yote.

"Nilichokwisha kutoa siwezi kukidai, mwanangu," Enoka akasema. "Nitakwenda huko jela."

Mkewe Nesta hakudai pia. Alikwenda kisimani tu, akalia mbele ya wanawake wenzake.

Asubuhi Fanueli alikuwa shambani akimsubiri mzungu, alipowaona wakishuka kutoka kila kilima, wanaume kwa wanawake, kila mmoja amekumbatia miche yake na udongo wake ndani ya majani ya mgomba. Enoka hakuwa amemwita hata mmoja. Walipanda kimya, isipokuwa Ruti, kikongwe jirani wa Enoka, aliyekuwa akimkemea mjukuu wake.

"Nyoosha mstari, Kefa. Mzungu anapenda mistari kuliko kahawa."

Bwana mkubwa alihesabu, akampa Enoka mkono, akataka maneno yake yatafsiriwe: tazameni mtu anavyofika mbali asipowategemea wenzake. Fanueli alitafsiri kwa shida. Watu wakaitikia kwa adabu.

Gari lilipoondoka, Enoka aliwaambia wachukue miche yao.

"Ikihamishwa tena itakufa," Ruti akasema. "Ikae kwako. Palizi tutakuja."

Mwezi uleule Fanueli alihamishwa. Mara ya mwisho kuwaona alikuwa juu ya lori la kwenda Tunduma, mvua ikinyesha, nao wameinama bega kwa bega shambani kwa Enoka, wakipalilia. Alivua kofia, akabaki ameishika mpaka kilima kikawaficha.