Mikeka ya Mitungini

Mtaa wa Mitungini haukupimwa na mtu. Ulianza kwa uchovu. Wanawake wa Newala waliteremka bondeni kuchota maji, maana huku juu ukichimba kisima unaambulia vumbi, na wakirudi, wakifika ukingoni mwa mteremko, magoti yalikuwa yamekwisha. Hapo walitua mitungi. Siku moja bibi yake Theodora aliutua wake akasema haendi mbele tena, kama nyumba inamtaka na imfuate. Ikamfuata. Dada yake akajenga jirani, kisha binti zao, na mabinti walipoolewa waume wakaja, kila mmoja na jembe begani na mkeka kwapani, kama ilivyo desturi ya Wamakonde: mwanamume humfuata mke kwao.

Watu wa bomani waliuita mtaa wa wanawake wenye domo. Hawakukosea. Ugomvi wa kuku wa Mitungini ulisikika mpaka sokoni. Waislamu na Wakristo walikula sikukuu zote mbili bila kuulizana, na mume aliyeinua mkono kumpiga mkewe alilala nje. Lakini hakuna mpita njia aliyenyimwa maji pale, na maji ya Newala si kitu cha kugawa hivi hivi.

Theodora, Mama Priska, ndiye aliyerithi ile nyumba ya bibi. Mumewe Dastani alitoka Lulindi, seremala aliyefunzwa misheni, mpole, mtu wa kusema ndiyo. Na ndiyo yake ikaleta balaa.

Bwana Shauri, Mwingereza mwenye wilaya, aliupenda ukingo ule. Upepo mwanana, bonde lote la Ruvuma chini ya macho yake. Akataka hapo zijengwe nyumba za maofisa. Akaita baraza la wenye nyumba, na kwa akili yake mwenye nyumba ni mwanamume. Kwa kinywa cha karani wake, Arthur, akaahidi viwanja upande wa pili wa mji, na mabati juu yake. Anayekubali anyooshe mkono. Waume wa Mitungini walitazamana, wakanyoosha wote.

Dastani alirudi akitabasamu. "Mama Priska, tutalala chini ya bati."

"Na maji?"

"Mvua ikinyesha, bati litatuletea."

"Na kiangazi, yatakuja juu ya kichwa cha nani, Baba Priska?"

Theodora alishikwa na hasira hata mwiko ukamtoka mkononi. Kuteremka kule kule, kisha kuuvuka mji mzima na mtungi kichwani, yeye na Priska na watoto wa Priska! Na makaburi ya mama zake nyuma ya nyumba yafanywe bustani ya maua ya Mzungu! Kesho yake, njiani kwenda bondeni, alisema na wenzake. Hawakubishana sana.

Siku ya kubomoa, Bwana Shauri alikuja na Arthur na vibarua. Akakuta milango yote wazi, na mbele ya kila mlango mkeka umekunjwa, jembe juu yake, na mume amesimama kando. Vibarua walikuwa vijana wa huku huku juu. Wakaweka shoka chini, wakatazama pembeni kwa haya. Walijua mkeka wa mume ukitolewa nje, ndoa imekwisha.

Theodora alisimama mlangoni.

"Arthur mwanangu, mwambie bwana mkubwa. Aliopatana nao ni hawa, na vitu vyao hivi hapa, hatukuzuia hata kimoja. Awachukue, akawape bati lake. Nyumba ni zetu, na sisi hakutuuliza."

Arthur naye alizaliwa na mama wa Kimakonde. Akatafsiri yote bila kupunguza.

Bwana Shauri aliiva uso. Akamgeukia Dastani, akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe: "Nyumba hii ya nani?"

Theodora alimpenda yule mjinga, na akijibu vibaya asingeingia tena mlango ule.

Dastani alivua kofia. "Ya mke wangu, bwana. Mimi nilikuja na huo mkeka tu. Nilinyoosha mkono juu ya mali ya watu."

Wenzake nao wakasema hivyo hivyo, mmoja mmoja. Bwana Shauri akatisha kwa askari, akatisha kwa jela, lakini hakuna kibarua aliyeokota shoka. Mwishowe nyumba za maofisa zikajengwa nyuma ya boma, pasipo na upepo.

Jioni ya siku ile ya mikeka Dastani alikuwa bado amekaa nje.

"Niingie, Mama Priska?"

Theodora aliuweka mtungi mtupu mbele yake, akarudi ndani.

Asubuhi Mitungini nzima ilitoka kutazama. Mwanamume mzima, tena wa misheni, akipanda mteremko na mtungi kichwani, maji yakimchuruzika shingoni, wanawake wakimzomea na kumpigia vigelegele. Alipofika ukingoni aliutua, akashika magoti, akahema.

"Mama Priska," alisema, "siendi mbele tena."

"Basi ingiza mkeka wako," alisema Theodora.