Amplifaya Iliyosifia Bia Kanisani

Jamani, hata leo nikipita pale kanisani Akheri navuta kanga nijifunike uso. Mimi mwenyewe nacheka, lakini aibu haijaisha.

Mume wangu alikuwa fundi redio Maji ya Chai. Ilipokuja enzi ya ruksa, maduka yakajaa redio ndogo za nje, watu wakawa wanatupa zile kubwa za zamani, zenye valvu za kioo zinazowaka kama vitaa. Yeye akaziokota valvu, akaunda amplifaya ya gitaa la kwaya yetu ndani ya sanduku la mbao. Gitaa lilikuwepo, ila kwaya haikuwa na chombo cha kulikuzia sauti. Akifaulu, basi hicho ndicho chombo chetu.

Tukaijaribu nyumbani. Sauti nzuri, ila ya upole. Nikamwambia, "Baba, mvua ikipiga bati pale kanisani nani atasikia hiyo? Ongeza."

"Mama, kuna valvu mbili za kukuza sauti. Ya kwanza ikikuza mno, ya pili inakuza mpaka takataka. Ndiyo maana nimeweka hii rezista katikati, ipunguze."

"Sasa unapika halafu unamwaga? Itoe!"

Mimi darasa la pili sikumaliza, namfundisha fundi! Nilishamtambia wifi yangu kwamba Jumapili gitaa litasikika mpaka Tengeru. Nikamsumbua baba wa watu mchana kutwa, akaitoa.

Wimbo wa kwanza, gitaa likanguruma watoto wakaziba masikio. Nikampiga wifi kiwiko: "Umesikia?" Ikaja sala ya toba. Mpiga gitaa akaliegemeza ukutani, waya wake mrefu umelala sakafuni, hajazima kitu. Kimya, watu wameinama. Mara sandukuni akatoka mtu, sauti kama yuko ndani ya mtungi, anasifia bia! Eti baridiii, na muziki wa dansi nyuma yake. Ile nguvu tuliyoiachia ilikuwa imenasa redio kupitia waya wa gitaa, uliogeuka kama antena.

Mchungaji akakatiza sala. Wifi akaninong'oneza, "Na hiyo bia nayo imefika Tengeru?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mume wangu akapita mbele ya watu wote, akachomoa umeme.

Baada ya ibada, nje kwenye mnada wa mazao ya sadaka, watu wanagombea ndizi huku wanacheka. Mwalimu wa kwaya akamwambia mume wangu, "Fundi, tunakupa Jumapili moja. Ikiongea tena, ubebe sanduku lako. Hivi ilikuwaje?"

Nikasubiri aseme, "Ni mke wangu." Akasema tu, "Nilikosea vipimo."

Hapo ndipo aibu iliponishika kwelikweli. Ile ya bia ilikuwa mchezo.

Akairudisha rezista, na waya wa gitaa akaweka ule wenye wavu wa shaba ndani, wa kuzuia redio. Jumapili iliyofuata nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Toba ikapita, sanduku kimya. Gitaa likaimba safi, ingawa mvua ilikuja na bati likalifunika kidogo.

Ibada ilipoisha mwalimu wa kwaya akasema, "Fundi, hii inabaki hapa. Ila si uongeze kidogo?"

Mume wangu akanitafuta kwa macho. "Muulize mama yule kule nyuma."

Kanisa zima likageuka. Nikainamisha kichwa.

"Inatosha hivyo hivyo," nikasema, na wifi akacheka mpaka akashika benchi.