Kipimo cha Injinia

Juzi mteja aliniletea pad ya gemu, kile kidude cha mkononi cha kuchezea, kibandani kwangu Nyeri mjini, ninakotengeneza simu na vikorokoro vingine. Nilipoifungua, harufu ikanirukia: jasho la viganja, plastiki iliyopata moto, mafuta ya chipsi. Papo hapo mawazo yakanirudisha Gatitu tulikokulia, kwenye chumba cha mabati cha Injinia, na nikasonya.

Injinia hakuwa injinia wa kitu chochote. Aliwahi kuuza avokado za Mukurweini, biashara ikamshinda, akanunua televisheni na gemu ya magari, kisha akajipa cheo. Mdomo wake ulikuwa mkubwa kuliko hicho chumba. Kwake mshindi alibaki kitini, akaendelea kucheza bila kulipa, mpaka apatikane wa kumwondoa.

Dada yangu Nyambura hakuondolewa. Alizaliwa kiziwi, na alipokuja likizo kutoka shule ya bweni, watoto wa mtaa hawakutaka kucheza naye; walimkebehi tu kwa kuchezesha midomo. Ni pale kitini tu ndipo walipolazimika kupanga foleni wakimngoja. Kile kiti kilikuwa ndiyo likizo yake yote, na mimi nilijua.

Siri yake ilikuwa viganjani. Ndani ya pad kuna mota mbili ndogo, kila moja imefungiwa kipande cha chuma upande mmoja tu. Ikizunguka, ule uzito wa upande mmoja unaivuta huku na huku, na pad nzima inatetemeka kama mashine ya posho iliyolegea nati. Mota kubwa hunguruma gari likigonga ukuta. Ile ndogo huwasha vidole tairi likianza kuteleza. Sisi tulisikiliza gari kwa spika mbovu ya Injinia. Nyambura alilisikia kwa mikono, na kona alizikata kabla yetu sote.

Jumamosi moja Injinia mwenyewe akajitia kukaa naye mbele ya vijana. Akapigwa. Akaomba warudie, akapigwa tena, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yeye alitabasamu kwa meno tu.

Jumamosi iliyofuata alimpa Nyambura pad nyeusi. Mpinzani alikuwa kijana wa Giakanja ambaye hata barabara iliyonyooka ilimshinda. Nyambura akagonga ukuta kona ya kwanza, akagonga ya pili. Akanigeukia, akaniwekea pad mikononi gari likiwa bado linasaga ukuta. Ilikuwa imelala, haina habari.

"Injinia, hii pad haitetemeki," nikasema.

Akaichukua, akaiweka sikioni na kuitikisa, vile vile wanunuzi wa avokado wanavyotikisa tunda wasikie kama kokwa imeachana na nyama. Ikalia ko-ko-ko.

"Si mnasikia? Iko nzima kabisa. Ikilia, imeiva!"

Na chumba kizima, watu waliolelewa kwenye mashamba ya avokado, wakaitikia ndiyo. Jamani! Pad iliyo nzima hailii hivyo. Ikilia, kuna kitu kimeng'oka.

Nyambura hakubishana na mtu. Aliokota vifuniko vya soda sakafuni, akavipanga juu ya pad zote mbili mezani. Yeye akabonyeza moja, mimi nyingine, tukayapeleka magari yote mawili ukutani. Kwenye pad ya kijana wa Giakanja vifuniko vikaruka, vikamwagika chini. Kwenye ile nyeusi hakikusogea hata kimoja.

"Ati nini?" Injinia akafoka. "Sasa kiziwi anataka kutetemeka ya nini? Mnasema imekufa? Haya, chukueni mkaizike!"

Akatutupia pad na kutufukuza. Waliokuwamo wote waliona vile vifuniko, na wakageukia tena televisheni, maana kesho yake walitaka kucheza. Nyambura hakurudi tena. Likizo zake alizimalizia nyumbani akichambua maharagwe na mama, na kiti kikakaliwa na yule wa Giakanja.

Miaka yote hiyo nimemdharau Injinia kwa ujinga wake, na nimechekesha watu wengi kwa hadithi ya pad iliyoiva. Lakini juzi, mteja alipoondoka, nilikwenda nyumbani nikaitafuta ile pad nyeusi kwenye sanduku la mama, nikaifungua kwa mara ya kwanza. Mota zote mbili hazimo. Nyaya zimekatwa kwa wembe, safi kabisa. Na pembeni kulikuwa na punje kavu ya mahindi, imetiwa humo ili ilie.

Kumbe nilikuwa nampa heshima asiyostahili. Mjinga utamsamehe. Huyu aliketi akashika bisibisi, akang'oa mota, akachagua punje, akarudisha skrubu zote, ili mtoto kiziwi ashindwe mbele ya watu. Mwanamume mzima na ndevu zake! Kinyaa kilinishika.

Nilimpelekea Nyambura punje hiyo, pamoja na pad yenyewe, pale anaposhona nguo. Akaigeuza kiganjani, akatazama pad, akaelewa. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, mimi nikiwa bado nina hasira ya kupasuka. Kisha akaiweka kando na kuniambia kwa ishara, polepole ili nisikose hata moja: "Alikuwa ananiogopa."