Modemu Iliyoshika Mnara wa Ng'ambo

Friji ya chanjo ilizimika kisiwani siku ya Ijumaa, na kisanduku cha mke wangu hakikusema neno. Jumatatu asubuhi Joram Oluoch, muuguzi wa zahanati ya pale, aliifungua friji akakuta chupa zote zimepata joto. Akina mama walikuwa wameshakaa kwenye benchi na watoto wao mapajani. Ikabidi awarudishe nyumbani, kisha akampigia simu Nekoye, mke wangu.

"Madam, mlituambia hiki kitu kitatuma ujumbe friji ikizima," alimwambia. "Mbona kimenyamaza?"

"Pole sana, Daktari," Nekoye alisema. "Nitajua sababu." Shule zilikuwa zimefungwa, nami nilikuwa mezani nasahihisha insha za kidato cha tatu. Aliiweka simu chini, akasimama dirishani akiangalia nguo za majirani kwenye kamba mpaka chai yake ikapoa.

Mimi ni Oyugi, mwalimu wa Kiswahili, na kompyuta nazijua kwa kuelezewa tu. Mke wangu ndiye mwenye kazi hiyo. Alizaliwa na kulelewa Kaloleni, hapa Kisumu, wazazi wake wakiwa wametoka Bungoma. Kibukusu anaongea na mama yake, Dholuo anaongea na mji mzima, na mimi ananiongelesha Kiswahili, eti nisije nikakisahau likizoni. Chuoni alipewa kompyuta kuukuu iliyokuwa na Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta ulio wazi kwa kila mtu, akaipenda kwa sababu moja: kila programu iliyokuwa ndani angeweza kuifungua, akaona jinsi ilivyoandikwa, na akairekebisha. Tangu siku hizo hajawahi kukubali kitu kikatae kufanya kazi bila kumwambia kwa nini.

Wakati huo alikuwa ameajiriwa na Frankline, kijana mwenye kampuni ndogo inayotengeneza visanduku vya kulinda friji za zahanati kando ya ziwa. Ndani ya kisanduku kuna kompyuta ndogo ya Linux yenye betri yake, kipimajoto, na modemu, yaani kile kifaa kinachowasiliana na minara ya simu. Friji ikipata joto, modemu inatuma ujumbe kwa muuguzi na ofisini. Sasa, modemu za dunia hii ni nyingi, na kila kiwanda kina namna yake ya kujibu. Kwa hiyo kwenye Linux kuna programu moja ambayo kazi yake ni kuzielewa zote. Inaandikwa na watu waliotawanyika kila nchi, na yeyote anaweza kupendekeza marekebisho. Kazi ya Nekoye ilikuwa kuhakikisha modemu ya visanduku vyao inasikilizana na programu hiyo.

Frankline alitaka jambo liishe haraka. "Weka skripti ya kuzima modemu na kuiwasha kila saa," alisema. "Itajirekebisha yenyewe."

Nekoye aliiweka, akiwa ofisini, siku kisanduku kilipopatikana hewani kwa muda mfupi. Kesho yake kikanyamaza tena.

"Bosi, hatujui inaumwa nini," alimwambia. "Tunaipa dawa ya malaria kila ikikohoa."

Alileta nyumbani modemu ya aina ile ile, akaifunga mezani kwetu Migosi. Ilifanya kazi bila kosa, asubuhi na jioni. Akaipeleka Kaloleni kwa mama yake, ikafanya kazi. Siku ya Jumapili baada ya ibada akaniambia, "Baba Shantel, modemu haiumwi hapa. Inaumwa kule. Nitaifuata kule kule."

Tulimwacha binti yetu Shantel kwa nyanya yake, tukaenda Usenge, tukapanda boti. Kisiwa chenyewe ni kidogo: nyumba za mabati, ufuo wenye omena, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa kwenye nyavu, na zahanati juu ya mwamba. Oluoch alitupokea vizuri ingawa hakuficha kwamba bado ameudhika.

"Wale akina mama niliowarudisha, wengine hawajaonekana tena," alisema. "Mtu akipoteza siku yake mara moja, kumrudisha ni kazi."

Nekoye alikaa barazani karibu na mizani ya watoto, laptopu magotini, waya ukiingia dirishani hadi kwenye kisanduku. Na asubuhi yote kisanduku kilifanya kazi kama mtoto mwema. Mama mmoja mzee alikuja kumchungulia, akamuuliza kwa Dholuo anatafuta nini humo ndani. Alipojibiwa kwa Dholuo safi, akataka kujua yeye ni nyar nani, binti wa wapi. Nekoye alipotaja Bungoma, mama akacheka kwa mshangao, na tangu hapo kisiwa kizima kikamwita nyar Bungoma.

Alasiri simu yangu ililia. Nikaisoma kwa sauti, kwa mzaha: ulikuwa ujumbe wa kunikaribisha Uganda.

Oluoch akacheka. "Hiyo umezoea kuona ukisafiri, Mwalimu. Sisi hapa tunasafiri tukiwa kitini. Asubuhi Kenya, jioni Uganda. Mnara wao uko ng'ambo pale, na wetu ukilegea, simu zinahamia kwao."

Nekoye aliinua kichwa. "Daktari, hebu rudia."

Oluoch akarudia. Kabla hajamaliza, mke wangu alikuwa ameinama tena juu ya laptopu, akiiuliza modemu iko wapi. Modemu ilijibu vizuri kabisa kwamba iko hewani, kwenye mtandao wa jirani. Laini yetu ilikuwa na ruhusa ya kutumia mtandao huo. Lakini programu ilisisitiza kwamba modemu haina mtandao wowote, na kwa hiyo haikutuma kitu. Ilikuwa inangoja.

Alinionyesha mstari wenyewe. Modemu ikiwa kwenye mnara wa nyumbani, jibu lake lilikuwa na vipande vinne, vimetenganishwa kwa mkato. Ikishika mnara wa ng'ambo, iliongeza kipande cha tano. Programu haikufundishwa kipande hicho, kwa hiyo ilikuwa inalitupa jibu zima.

"Ni kama mgeni amebisha mlangoni kwa Kiganda," nilisema, "na mwenye nyumba, kwa kuwa hakuelewa, akaamua hakuna mtu nje."

"Ndivyo," alisema, lakini hakuwa ananisikiliza. Alikuwa ameanza kuandika. Ndiyo maana pia skripti ya Frankline haikusaidia: modemu ikizimwa na kuwashwa, mnara uliokuwa na nguvu ulikuwa ule ule wa ng'ambo. Jua lilipokuwa bado liko juu ya ziwa, kisanduku kikatuma joto la friji kupitia Uganda, na simu ya Oluoch ikalia mfukoni mwake. Aliisoma, akaigeuza kumwonyesha Nekoye, akampa mkono.

Mimi nilidhani safari imefika mwisho.

Tuliporudi Kisumu, Nekoye aliyatuma marekebisho yake kwa wale wanaoitunza programu. Aliyejibu alikuwa mwanamke wa Latvia anayeitwa Ilze. Nekoye alinitafsiria. Ilze alishukuru, alisema ugunduzi ni wa kweli na umeelezwa vizuri. Lakini marekebisho yalikuwa yamelegea mno. Sehemu ile ya programu inatumiwa na modemu za kila aina, za zamani na za sasa. Akauliza: umejuaje kwamba hukuziharibu nyingine kwa kuiponya yako?

Nekoye alifunga laptopu, akaenda jikoni, akakata sukuma wiki kana kwamba imemkosea. Nilimwacha. Alipotoka na bakuli alisema, "Sijui. Hilo ndilo jibu. Sijui kama sijaziharibu."

Frankline hakuona shida. "Kwetu inafanya kazi, si ndiyo? Weka kwenye visanduku vyetu, uachane na hao watu."

"Bosi, tukikaa nayo peke yetu, kila toleo jipya likitoka itabidi nishone kiraka upya. Siku nikiugua, nani atashona? Halafu fikiria zahanati zote zilizo mpakani ambazo hazitujui. Modemu kama hizi ziko kila mahali."

"Na kazi nyingine je?"

"Nitafanya na kazi nyingine."

Ndipo alipokwenda soko la Kibuye, kutafuta modemu nyingine za kujaribia. Nyuma ya nguo za mitumba yuko Ouma, anayeuza chaja, redio, na vile vijimodemu vya kuchomeka ambavyo watu walikuwa navyo kabla simu hazijaanza kugawa intaneti. Alikuwa na katoni nzima, imefunikwa vumbi.

"Mama Shantel, unataka gani?"

"Zote."

Ouma akamtazama. "Hata zilizokufa?"

"Hizo acha. Lakini zinazougua nazitaka."

"Basi beba katoni. Zikifufuka utanirudishia niuze. Zisipofufuka uzike mwenyewe."

Meza yetu ikawa hospitali. Kwa majuma kadhaa tulikula sahani zikiwa magotini. Nekoye alichomeka modemu moja baada ya nyingine, akaziuliza maswali yale yale, akahifadhi kila jibu. Nyingi zilijibu sawasawa, na programu yake iliyorekebishwa ikazielewa. Nikaanza kumwambia kwamba yule Ilze alikuwa na wasiwasi wa bure.

Kisha ikaja moja nyeupe, ganda limepasuka, isiyo na jina la kiwanda. Haikuwa hata na laini ndani. Lakini programu ya Nekoye ikatangaza kwamba iko hewani, tayari kutuma ujumbe. Modemu ile nayo ilikuwa na vipande vitano kwenye jibu lake, ila cha tano kilikuwa na maana nyingine kabisa. Kwa marekebisho ya mke wangu, kifaa kisicho na mtandao kilionekana kina mtandao. Zahanati yoyote yenye modemu kama hiyo ingedhani imelindwa, kumbe sivyo.

Nekoye aliichomoa modemu ile, akaiweka kando.

"Ningewafanyia wengine kile kile kilichompata Oluoch," alisema. "Ilze alikuwa sahihi." Akavuta kiti karibu na meza. "Sawa. Tunaanza upya."

Mara ya pili hakuipa programu ruhusa ya kukubali kila jibu refu. Aliifundisha kukagua umbo la kila kipande kabla ya kukiamini, na kisipotambulika, ipuuze kipande hicho peke yake badala ya kutupa jibu zima. Pamoja na marekebisho akaambatisha majibu ya modemu zote za Kibuye, ili yeyote atakayegusa sehemu ile baadaye aone mara moja kama ameharibu kitu. Ilze alirudi na maswali. Nekoye akajibu. Akarudi na mengine, madogo zaidi: jina hili halieleweki, mstari huu ugawanywe. Stima ikipotea Migosi, mke wangu alichukua laptopu akaenda kumalizia kwa mama yake. Sikumsikia akilalamika tena. Alikuwa amekaza kama mtu anayevuta wavu na ameshahisi uzito.

Marekebisho yalikubaliwa asubuhi moja nikiwa nafunga tai kwenda shuleni. Alisema tu, "Wameyachukua," akaketi ukingoni mwa kitanda, akalia kidogo, akajifuta, akamwamsha Shantel.

Frankline aliweka toleo jipya kwenye visanduku vyote. Mvua za masika zilipokolea, mawingu yalitanda siku nyingi mfululizo na betri za sola za friji kisiwani zikashindwa. Tulikuwa kanisani, mhubiri yuko katikati ya mahubiri, simu ya Nekoye ikatikisika ndani ya mkoba. Akatoka nje. Nilimfuata, nikamkuta chini ya paa la lango akimpigia Oluoch.

"Nimeuona ujumbe pia, nyar Bungoma," sauti ya Oluoch ilisikika, na nyuma yake injini ya boti. "Chanjo ziko kwenye kasha la barafu. Napeleka Usenge, kesho narudi nazo. Erokamano, asante sana."

Hakuna chupa iliyoharibika. Jumatatu kliniki ilifunguliwa kama kawaida, na miongoni mwa waliokuja, Oluoch alituambia, walikuwemo wawili wa wale aliowarudisha. Wengine hajawaona mpaka leo, na Nekoye huwaulizia kila wanapoongea.

Sasa hivi ni yeye anayesoma viraka, yaani marekebisho, vya wengine kwenye sehemu ile ya programu. Nimemsikia akimwambia mtu wa nchi ya mbali, kwa upole lakini bila kulegea, kwamba marekebisho yake ni mazuri, ila amejuaje kwamba hajaziharibu nyingine?

Mama yake, Nabututu, aliposikia kwamba jina la binti yake limeandikwa ndani ya Linux, alitaka kuliona. Tulikwenda Kaloleni siku ya Jumamosi. Nekoye akafungua laptopu mezani, akamwelekezea kidole. Mama akavaa miwani, akasoma polepole: "Nekoye Oyugi."

Akavua miwani. "Na Wesonga yuko wapi?"

Wesonga alikuwa mume wake, baba yake Nekoye, fundi wa reli, ambaye alifariki Nekoye akiwa bado shuleni.

"Mama, hilo ndilo jina la kwenye kitambulisho changu."

"Huyu Oyugi ndiye aliyekusomesha?"

Mimi nilitazama chai yangu. Nekoye alijaribu kueleza kwamba kilichokwisha kuandikwa humo hakibadilishwi tena. Mama hakubishana, alisukuma tu sahani ya njugu upande wangu na kusema, "Kula, mkwe wangu. Wewe huna makosa."

Kiraka kilichofuata kilikuwa cha modemu nyingine kabisa, yenye tabia ya kulala na kutoamka. Nekoye alikimaliza kwenye meza ile ile ya Kaloleni, na kabla ya kukituma akaandika majina yote matatu.