Majuala Katika Jiko la Mama Mkwe

Mimi sikuzaliwa mpole. Nyumbani kwetu Malava walinionya kabla sijaolewa: ukifika kwa watu, mdomo wako uuache mlangoni. Nikauacha. Na katika miaka ile ya tisini, nikiwa mke mchanga pale Shirere, nusura kunyamaza huko kuniulie mtoto.

Binti yangu hakuwa ametimiza miaka miwili, na kifua chake kilikuwa kikipiga mluzi. Mara ya kwanza alipobanwa, daktari wa mjini aliniuliza tunapikia nini. Nikamwambia makaa, pengine kuni. "Na mnawashia nini?" Hapo nikababaika. Tulikuwa tunawashia majuala, ile mifuko ya nailoni ambayo sokoni walikufungia kila kitu, hata pilipili mbili. Daktari akatikisa kichwa. Akasema moshi wowote ni mbaya kwa mtoto wa kifua kama hicho, lakini ule wa plastiki ni sumu kabisa. Siku akiuvuta mwingi, naweza kumpoteza.

Haya, nenda ukamwambie mama mkwe hivyo!

Kwetu mwolewa hana jiko. Unapika katika jiko la mama mkwe mpaka siku atakapokupa mafiga yako, na kabla ya siku hiyo moto ni wake, si wako. Yeye ndiye aliyeuwasha kila jioni. Majuala alikuwa ameyashindilia pale ukuta unapokutana na paa, ya kila rangi. Alivuta moja, akalining'iniza kwenye kijiti, akalitia moto, na matone yanayowaka yakadondoka juu ya makaa, tso, tso, tso. Majirani walimsifu kwa hilo. Mvua ya Kakamega inyeshe mchana kutwa, makaa yalowe chapachapa, jiko lake lilishika. Ningeanzia wapi kumwambia mwanamke huyo kwamba ufundi wake unaua?

Mume wangu alikuwa mwalimu huko Lugari, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Nilipomdokezea alicheka. "Sisi sote tulilelewa na moshi wa mama. Nani alikufa?" Nilitamani kumrushia mwiko.

Basi nikaamua kivyangu. Kama siwezi kuushika mkono wa mama mkwe, nitahakikisha mkono huo haupati cha kuwasha. Nikatafuta kikapu cha mkonge, nikaanza kwenda nacho sokoni. Omena, wale dagaa wa ziwani, nilipimiwa kwenye mkebe. Nyama nilisema ifungwe kwa gazeti. Sukari nilibebea kopo, na maziwa ya pakiti nikayaacha, nikawa nachukua kwa jirani mwenye ng'ombe, na chupa yangu mkononi. Chumvi ilinitesa kwa sababu ilikuja imeshafungwa kiwandani. Hiyo niliifungua papo hapo dukani, nikaimimina koponi, nikamrudishia mwenye duka karatasi yake ya nailoni. Alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili.

"Ai, mama! Unanidharau?" mwuza nyanya mmoja aliniuliza, juala ameshalipanua tayari. "Nakupa bure na unakataa?"

"Kaa nalo," nikamwambia. "Nyanya zina maganda yake."

Walinicheka, wallahi walinicheka. Siku hizo juala lilikuwa jambo la heshima, mtu akipata la duka kubwa la Nairobi analifua na kulianika. Mke wa mwalimu kutembea na kikapu kama mwuza kuku! Wacheke mpaka wachoke, nilisema, si wao wanaosikiliza kifua cha mtoto.

Kisha nikageukia yale yaliyokuwa darini. Kila siku nilichomoa mawili matatu, nikayaficha ndani ya leso na kuyatupa chooni. Mahali pake niliweka magunzi niliyoyaanika vizuri na majani makavu ya mgomba, nikijifanya nimeyaweka tu. Siku za jua mama mkwe aliyatumia bila neno. Nilikuwa nikisimama kando, namenya viazi, nikimwibia jicho mpaka nione amechukua gunzi na si juala.

Lakini hakuwa mjinga.

"Majuala yangu yanaendanga wapi?" aliniuliza jioni moja, mkono bado uko darini.

"Sijui, mama. Labda panya."

"Panya wa hapa Shirere wanakulanga nailoni siku hizi?"

Nikainama kwenye viazi vyangu. Alinikodolea macho kwa muda, nami nilikuwa nikisikia mluzi wa mtoto pale mkekani, mwembamba, ukipanda na kushuka. Tangu siku hiyo hatukuongea sana. Aliniita kwa kazi, nikaitika kwa kazi. Nyumba nzima ilikuwa na baridi, na mimi sikulala vizuri hata usiku mmoja.

Masika yalipokolea, magunzi yakalowa. Nikayaleta ndani, lakini unyevu ulikuwa kila mahali, hata kuta zilitoa jasho. Alasiri moja mvua ilipungua kidogo, nikakimbilia chemchemi kuteka maji. Mtoto nilimwacha amelala nyumba kubwa.

Niliporudi, harufu ilinipokea kabla sijaiona nyumba. Haikuwa harufu ya juala. Ilikuwa nzito, ya kukaba koo, na moshi mweusi ulikuwa ukitoka kwenye mlango wa jiko ukitambaa chini kwa chini kwa sababu ya mvua. Mtungi uliniponyoka. Niliingia nikipapasa. Mama mkwe alikuwa ameinama akipuliza, na juu ya makaa ilikuwa ikiyeyuka ndara kuukuu ya plastiki ya mwanawe. Alikosa juala, alikosa gunzi kavu, akachukua alichokiona. Na mtoto alikuwa ameamka, akalia, bibi akamleta jikoni kwenye joto. Alikuwa amemfunga mgongoni kwa leso.

Nilimvuta kwenye ile leso. Midomo ilikuwa rangi ya majivu. Alifungua kinywa kulia na sauti haikutoka, mbavu tu zinaingia na kutoka.

Mdomo wangu ukarudi wote kwa mara moja. "Utaniulia mtoto! Wewe na plastiki yako, utaniulia mtoto!" Nilimwambia "wewe." Mama mkwe, mbele ya majirani waliokuwa wamejikinga mvua barazani.

Nikatoka mbio, naye nyuma yangu, miguu mitupu kwenye matope, ameshika gunia juu ya kichwa cha mtoto. Kijana wa bodaboda alitusimamia kwa baiskeli yake. Nikapanda na mtoto. Mama mkwe alikimbia kando yetu mpaka mjini, mkono haujaacha gunia. Sijui alipata wapi pumzi hizo. Mimi nilikuwa nahesabu za mtoto tu, na kila moja nilidhani ndiyo ya mwisho.

Daktari aliyempokea alikuwa yule yule. Hakuuliza mengi, alituona tulivyonuka. "Moshi tena," alisema, akamchoma sindano, akamwekea hewa puani. Tulisimama tukimtazama. Nilimwomba Mungu kwa Kiswahili, nikamwomba kwa lugha ya mama yangu. Baadaye sana mtoto alikohoa, akalia kwa sauti kamili.

Tukawekwa kwenye benchi la ukumbini, mimi na mama mkwe na mtoto amelala mapajani mwangu. Nilijua sasa ndiyo saa yangu. Nitarudishwa Malava na nguo zangu ndani ya kikapu kile.

"Kumbe ni moshi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mara ya kwanza."

Matope yalikuwa yakikauka kwenye miguu yake. Nilingoja matusi, nikajiandaa kuyameza yote.

"Na wangu?" akauliza.

"Wako yupi, mama?"

"Msichana. Alitangulia bwana yako. Alikuwa anapiga mluzi hivi hivi. Alikufia kwa mgongo yangu nikipika." Alisema bila kulia, kama anayenielekeza njia. "Mimi nilisemanga ni jicho mbaya ya watu. Hiyo miaka majuala haikuwa. Nilikuwa nawasha na majani na magunzi, napika na kuni." Kisha akanigeukia, na sijawahi kuona mtu mzima akinitazama vile, akiomba. "Sasa, hiyo pia ilikuwa moshi?"

Daktari alikuwa ameniambia moshi wowote. Nilikumbuka neno kwa neno.

"Hapana, mama," nikasema. "Moshi wa kuni hauna neno."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Akashusha pumzi, akanyoosha mikono nimpe mtoto.