Nilimpa Bibi Ufunguo Ili Asije Harusini

Nimewakosea watu wawili walioniamini. Mmoja yuko kaburini. Mwingine hunisalimu kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo adhabu yangu.

Mimi ni mama wa makamo, mkazi wa Tunduma, msomaji wa vitabu na mzee wa kanisa. Kwa miaka mingi nimewafundisha kina mama wenzangu kwamba harusi ya heshima haijengwi juu ya madeni. Fundisho hilo silikani hata leo. Ninachoungama ni jinsi nilivyolitumia.

Binti yetu Neema alipochumbiwa, nilikataa michango ya kulazimishana. Nilichukua ukumbi mdogo, nikavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kukodi mapambo kwa bei nafuu, rangi ya maziwa na kijani. Chakula kilipangwa kwa sahani, na kila sahani ilikuwa na kadi yake. Nilipanga pia Neema alale kwa mama yake wa ubatizo, jirani na ukumbi, tusikodi magari mengi. Kila kitu kilikaa mahali pake, isipokuwa Bibi.

Bibi ni mama mzazi wa mume wangu, mkulima wa Ndalambo. Ndiye aliyemlea Neema nilipokuwa chuoni, na tangu hapo wakataniana kama wake wenza. Katika ukoo wao mwali hutolewa mlangoni na bibi yake, na bibi haji peke yake. Huja na wanawake wenzake wa kijijini wakiimba, na hakuna kadi inayoweza kuwazuia. Niliwaona akilini wakiingia na vitenge vya kila rangi, vumbi miguuni, katikati ya vitambaa vyangu vya maziwa. Sikuwa na sahani zao.

"Mama Neema, ongeza viti," mume wangu aliniambia.

"Nikiongeza kwa mama yako, nitaongeza kwa kila mtu."

"Kwani mama yangu ni kila mtu?"

Nilikuwa nimekwisha kuamua.

Bibi alitangulia kufika, wenzake wangemfuata. Alibeba kichwani mkeka aliousuka mwenyewe.

"Yuko wapi mke mwenzangu?"

"Yuko saluni, Mama."

"Ajipambe. Akishaondoka, mzee nabaki naye peke yangu." Mzee mwenyewe, mumewe, alikwisha kuzikwa zamani. Bibi akacheka hadi akakohoa.

Nilimngoja amalize kucheka, kisha nikasema, "Mama, Neema ana ombi. Mji huu wa mpakani una wezi, na nyumba yenye harusi huwa tupu. Vitu vyake vyote vitakuwa humu. Anasema hamwamini mtu mwingine kuilinda."

Bibi aliutua mkeka. "Kasema yeye mwenyewe?"

"Kasema yeye."

Akanyoosha mkono, akapokea ufunguo, akaufunga katika pindo la kitenge chake. "Basi wenzangu waambieni wasije. Nyumba hailindwi kwa ngoma."

Neema nilimwambia kwamba miguu ya Bibi imevimba na ameomba apumzike. Alitaka kuja kumwona. Nikamkumbusha kuwa mpambaji anangoja. Baba yake nilimwambia Bibi ameamua mwenyewe kubaki. Ndivyo uongo ulivyo: ukiuzaa mmoja, utalea na wadogo zake.

Harusi ilipendeza. Waliohudhuria walinipongeza kwa unadhifu na kwa kiasi, nami nilizipokea pongezi hizo kama haki yangu.

Tuliporudi nyumbani, Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni. Alikuwa amevaa kitenge kipya, kile alichokishona kwa ajili ya siku hiyo. Mkeka ulikuwa umelala juu ya magoti yake.

"Hakuingia mtu," alisema. "Mwambie mke mwenzangu, hakuingia mtu."

Nilipomwomba ufunguo alitikisa kichwa. "Nitamrudishia aliyenipa."

Mkeka akauacha chumbani mwa Neema, akaondoka na ufunguo kwenda Ndalambo. Neema naye alikwenda kuishi Saza, kwenye kazi za mumewe, na kabla hajapata nafasi ya kumtembelea, Bibi alifariki.

Tulipokwisha kuzika, mama mmoja, rafiki wa Bibi na mwimbaji mwenzake, alimjia Neema akiwa ameshika kipande cha kitenge kilichofungwa fundo. Nilikuwa nimesimama hapo hapo.

"Mjukuu, hiki ni chako. Bibi yako alisema ulimkabidhi nyumba, ndiyo maana hatukuja kukuimbia. Loo, alijisifu huyo! Kila kisimani ni ufunguo, kila shambani ni ufunguo, mpaka tukachoka naye."

Neema alilifungua fundo. Akautambua ufunguo wa nyumba aliyokulia.

"Mama," aliniuliza, "mimi nilimwomba Bibi alinde nyumba?"

Aliuweka ufunguo kiganjani mwangu, akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja.

"Basi linda wewe."

Tangu siku hiyo hunipigia simu, lakini hakai. "Shikamoo Mama. Baba yupo?" Kwetu hajakanyaga tena. Mkeka bado umekunjwa chumbani mwake, na kile kigoda sijathubutu kukiondoa mlangoni. Kila nitokapo ninakizunguka, kama mtu anayempisha aliyeketi.

Kina mama bado huja kuniuliza siri ya harusi nzuri kwa gharama ndogo. Wote ninawaambia, na ninyi msomao ninawaambia: punguzeni maua, punguzeni nyama, vaeni gauni la kukodi bila aibu. Lakini mtu aliyembeba mwanao mgongoni si gharama. Msimhesabu pamoja na sahani. Na kama hamna nafasi yake, mwambieni kweli, alie mkiwa naye. Msimpe uongo akauvaa kama heshima hadi kaburini.

Matarumbeta ya harusi hupita barabarani kwetu karibu kila Jumamosi. Mume wangu hualikwa, huenda. Mimi hubaki na ufunguo.

Nyumba yangu iko salama. Hakuingia mtu.